Usikivu Mkali kwa Watoto wenye Usonji: Kilosa na Mikumi

Usikivu mkali ni hali ambayo sauti za kila siku, ambazo watu wengine huzisikia bila kuzijali, humfikia mtoto kama maumivu au tishio, hata akaziba masikio, akalia au akatimua mbio. Hali hiyo huitwa haiperakusisi pale sauti inaposikika kubwa kupita kiasi, na misofonia pale sauti fulani tu, kama ya mtu anayetafuna, inapoamsha hasira au kinyaa. Huwapata sana watoto wenye usonji, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na upokeaji wa hisia. Leo Kanner, aliyeeleza habari za watoto 11 wa namna hiyo nchini Marekani mwaka 1943, aliona mapema kwamba kelele ziliwatia hofu, ingawa ni mwaka 2013 tu ambapo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliitaja rasmi tofauti ya kupokea hisia kuwa miongoni mwa dalili za usonji.

Kwa kawaida sikio lenyewe ni zima. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba sehemu zinazopokea sauti na zile zinazopima hatari huitika kwa nguvu zaidi, na huchelewa kuizoea sauti inayojirudia. Ndiyo maana mtoto asiyegeuka anapoitwa jina lake, akadhaniwa kiziwi, huyo huyo huziba masikio mara mashine ya kusaga inapowashwa nyumba ya tatu. Mkanganyiko huu huwafanya baadhi ya wazazi kumwona mkaidi na kumchapa, jambo ambalo ni dhuluma, kwa kuwa mtoto haigizi.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro nchini Tanzania, ina sauti zake. Mji wa Kilosa umo kwenye reli ya kati ya zamani na pia kwenye reli ya kisasa, ambayo safari zake za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza mwaka 2024. Mji wa Mikumi, katika wilaya hiyo hiyo, umekaa kwenye barabara kuu iendayo Zambia, ambako malori hupiga honi na kuachia breki za upepo usiku kucha. Lakini pengine hakuna sauti ngumu kuliko mvua ya masika juu ya mabati yasiyo na dari: haina kitufe cha kuizima, hufunika hata sauti ya mama anayembembeleza, na humkuta mtoto mahali pale pale alipotarajia kujificha. Kwa mtoto wa Mikumi hatari huongezeka, maana anayekimbia kelele hatazami barabara.

Neno usonji bado ni geni kwa watu wengi, na safari ya kutafuta msaada huweza kuanzia kwa mganga au kwenye maombi, hasa ikiwa mtoto aliwahi kupata degedege. Katika huduma za afya, njia huanzia zahanati, ikapitia Hospitali ya Mtakatifu Kizito ya Mikumi au hospitali ya wilaya, kisha Morogoro, na ikibidi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, ambayo iko karibu kilomita 300 kutoka Mikumi. Hatua ya kwanza ni kukagua masikio, kwa sababu usaha au nta huweza kuumiza na mtoto asiyesema hawezi kueleza, kisha kupima usikivu. Mtaalamu anayehusika zaidi baada ya hapo ni wa tiba kwa vitendo, fani inayofundishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, lakini wataalamu hao ni wachache, hivyo kazi kubwa hubaki nyumbani.

Mzazi huanza kwa kuandika ni sauti ipi, saa ngapi, na mtoto alifanya nini, kwani daftari hilo humsaidia daktari kuliko maelezo ya jumla. Vifunika masikio, hata vile vya mafundi wa kuchana mbao, hufaa wakati wa kelele kali, lakini vikivaliwa kutwa huongeza wepesi wa kushtuka. Sauti isiyokwepeka inaweza kurekodiwa kwenye simu na kusikilizwa kwa chini sana, mtoto mwenyewe akishika kitufe, na kupandishwa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Mafunzo ya kusikiliza muziki uliochujwa, yaliyoanzishwa na daktari Mfaransa Guy Bérard, hayakuthibitika kufaa katika mapitio ya tafiti ya mwaka 2011, na haifai familia kuuza mbuzi kwa ajili yake.

Shuleni, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake na kurekebishiwa mazingira, na marekebisho mengine hayagharimu kitu. Pale ambapo kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma, mwalimu wa zamu humwita mtoto kabla ya kugonga, akamwonyesha kile chuma, akasubiri mpaka mikono yake imefika masikioni.