Vinyungu, Dodoso na Tuzo za Wasomi wa Siasa

Ukishamaliza kona za Kitonga, hewa inabadilika, na haipiti muda unaingia Ilula, mkoani Iringa. Basi halijasimama sawasawa, ndoo za nyanya tayari zimefika dirishani. Nyuma ya wauzaji kuna matenga yamepangwa yakisubiri gari la mjini. Mnunuzi anataka tenga lijazwe hadi lipande juu kama kichuguu, ile wanayoiita lumbesa. Mkulima anajua kuwa zile nyanya za juu ya ukingo hazilipwi, lakini anajaza. Serikali imepiga marufuku vipimo hivyo mara nyingi tu. Kwa nini basi lumbesa haifi? Nani hasa anaamua kipimo pale barabarani, sheria au mwenye gari?

Hilo ni swali la sayansi ya siasa, ingawa sokoni hakuna anayeliita hivyo. Wanaoyatafutia majibu maswali ya namna hii wana tuzo zao. Chama cha wanasayansi ya siasa cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1903, hutoa tuzo nyingi kila mwaka, ikiwemo ile yenye jina la Gabriel Almond, inayokwenda kwa tasnifu bora ya uzamivu katika siasa linganishi. Kule Sweden, Johan Skytte alianzisha kiti cha uprofesa wa ufasaha na utawala katika Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1622. Karne nyingi baadaye, mwaka 1995, ikaanza kutolewa tuzo yenye jina lake, na wa kwanza kuipokea alikuwa Robert Dahl, mtafiti wa demokrasia.

Mimi humkumbuka zaidi aliyeipokea mwaka 1999, Elinor Ostrom. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoimaliza mwaka 1965, ilihusu maji ya chini ya ardhi huko California: watu wengi wanachota kwenye hazina moja, nao wanapaswa kukubaliana isije ikakauka. Alitumia maisha yake kuonyesha kwamba wanakijiji wanaweza kujiwekea kanuni za maji, malisho na misitu, wakasimamiana wenyewe, bila kila kitu kuachiwa serikali au mfanyabiashara. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, na hakuwa mchumi kwa shahada. Alikuwa mwanasayansi ya siasa.

Mkulima wa Iringa angemwelewa haraka. Katika mabonde ya mkoa huu watu hulima vinyungu, vile vibustani vya bondeni vinavyotoa mahindi mabichi, maharage na mboga wakati wa kiangazi, mashamba ya mlimani yakiwa yamekauka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Mwenye kinyungu anakiona chakula cha watoto ndani ya mita hizo 60. Ofisa anayaona maji ya mto mzima. Wote wawili wana hoja, na hapo ndipo alipofanyia kazi Ostrom.

Afrika Mashariki nayo imepita kwenye majukwaa hayo ya tuzo. Aili Mari Tripp, aliyekulia Tanzania, aliandika kitabu juu ya wachuuzi na wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam. Mwaka 2001 akatunukiwa Marekani Tuzo ya Victoria Schuck kwa kitabu kingine, kinachohusu wanawake na siasa nchini Uganda. Lakini kazi iliyoichimba Iringa kwa kina haikuhitaji jukwaa la mbali. Ilizaliwa Mlimani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hiyo Mlimani, kilipata hadhi kamili ya chuo kikuu Julai 1970. Mwaka huohuo Idara ya Sayansi ya Siasa ikawa na jarida lake, Taamuli, na mwaka 1971 likatoka The African Review. Mwaka 1973 chama cha wanasayansi ya siasa wa Afrika kikaanzishwa Dar es Salaam. Wanafunzi na walimu wao walikuwa wakibishana kuhusu matabaka, na baadhi hawakuridhika na ubishi wa darasani. Mmoja wao, Adhu Awiti, alikwenda Ismani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ambako kilimo cha mahindi kilikuwa kimepanuka tangu miaka ya 1950. Aliwakuta wachache wenye eneo kubwa na matrekta, na wengi wanaouza nguvu zao kwao. Mwaka 1972 maandishi yake yalitoka katika Maji Maji, jarida la vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, pale chuoni, na mwaka uliofuata katika The African Review.

Halikuwa somo la kufikirika. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Mkungugu, Ismani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kifo. Jina la Klerruu limebaki kwenye chuo cha ualimu mjini Iringa. Anayetaka kuuelewa ugomvi wa ardhi uliokuwa nyuma ya risasi ile, kwangu mimi Awiti ni wa kusomwa mapema kabisa, na kwa mtafiti sijui heshima inayozidi hiyo.

Mwanafunzi wa leo anayekuja Ilula anaanza na karatasi. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani Kilolo, kisha kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kila ngazi inagonga muhuri. Ikifika chini, karatasi imechakaa mikunjo na mihuri imepandana. Ndipo anapoketi kwenye kigoda kando ya bustani na kufungua dodoso, na mama mwenye shamba anamjibu huku anachambua nyanya, mbivu huku, zenye madoa kule. Saa nzima ya kazi yake inaondoka hivyo.

Majibu yanatoka kwa Kiswahili, mengine kwa Kihehe. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, inatetewa kwa Kiingereza, na ikipata tuzo inasifiwa kwa Kiingereza, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwenye kile kigoda au ng'ambo ya bahari. Mwaka 1968, mwanasayansi ya siasa Göran Hydén aliipa tasnifu yake, aliyoiwasilisha Lund huko Sweden, jina la TANU Yajenga Nchi. Kiswahili kilipewa jalada. Kurasa za ndani zilikuwa za Kiingereza.

Vyuo vyetu navyo hutoa zawadi kwa wanafunzi na watafiti bora, na ni vizuri. Ningeomba waamuzi waongeze sharti moja: kurasa kumi za Kiswahili, zinazoeleza kilichoulizwa na kilichoonekana, zipelekwe kwa mtendaji wa kijiji kile kile, na nakala irudi chuoni ikiwa na muhuri wa kijiji na tarehe ya kupokelewa.