Tarajali, mwanagenzi au nani?
Mwanafunzi wa sekondari anayepelekwa gereji au hotelini wiki chache kuonja kazi tumwiteje? Tarajali haimfai: daktari tarajali ameshahitimu chuo, anasubiri usajili kamili. Mwanagenzi naye hukaa na fundi hadi mkono ukomae. "Fildi" wameshaitwaa wanavyuo. Limebaki amali, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake kazi au kitendo. Zanzibar wamelizoea zamani, hata wizara yao ni ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Bara limevuma zaidi tangu mkondo wa amali uingie sekondari mwaka 2024. Basi ningesema mwanafunzi huyo yuko kwenye "mazoezi ya amali", mradi mwenye gereji asimpe mtoto ufagio kutwa nzima.