Kutoka Telnet hadi SSH
Telnet, iliyoanza kubuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya mtandao wa ARPANET, ilimwezesha mtu kuketi kwenye kompyuta moja na kuendesha nyingine iliyo mbali. Haikuficha chochote: jina la mtumiaji na nywila vilipita herufi kwa herufi, vikisomeka na yeyote aliyetega programu ya kunasa mawasiliano njiani. Mtandao ulipokuwa wa vyuo na maabara chache zilizofahamiana, udhaifu huo ulivumilika.

Mwaka 1995 nywila zilinaswa kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika SSH, itifaki inayosimba mawasiliano yote, nywila ikiwemo, na kuhakiki utambulisho wa kompyuta inayojibu. Aliiombea lango namba 22, lililokuwa wazi kati ya 21 la FTP (ya kuhamisha faili) na 23 la Telnet, itifaki mbili alizokusudia kuziondoa, akapewa. Lakini uamuzi wake wenye uzito zaidi ulikuwa kuitoa bure pamoja na msimbo wake: kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50. Leseni ilipokuja kubanwa, wasanidi wa mfumo endeshi wa OpenBSD walichukua toleo la awali lililokuwa huru, na mwaka 1999 wakatoa OpenSSH, ambayo leo inapatikana katika Linux, macOS na hata Windows.