Wolframiti, Jiwe Lililofuatana na Bati

Wayeyushaji bati wa milima ya Erzgebirge, mpakani mwa Ujerumani na Ucheki ya leo, walilichukia jiwe hili. Lilitoka mgodini pamoja na mawe ya bati, jeusi na zito, na lilipoingia tanurini lilipoteza sehemu ya bati kwenye takataka. Mtaalamu wa migodi Georgius Agricola alikwisha kuliandika mwaka 1546, lakini siri yake ilifichuka mwaka 1783 tu, mjini Bergara katika nchi ya Wabaski, pale ndugu Juan José na Fausto Elhuyar walipotumia mkaa kutoa metali mpya ndani yake: wolframi, ambayo wengine huiita tangsteni.

Wolframiti imeundwa kwa wolframi, oksijeni, chuma na manganizi. Chuma kikizidi huitwa feberiti. Uzito wake ni zaidi ya mara 7 ya maji, huku kwatzi inayoizunguka haifiki mara 3. Basi mchimbaji akiosha, mchanga huenda na maji na jiwe jeusi hubaki. Tatizo ni kwamba kasiteriti, yaani mawe ya bati, ina uzito unaokaribia huohuo. Maji hayatenganishi mawili haya.

Simulizi nyingi za wolframi huanza na balbu au vita. Mimi naona zingeanza hapa, kwenye utenganishaji. Katika miaka ya 1840 huko Cornwall, Uingereza, Robert Oxland aliyachoma mawe hayo pamoja na magadi: wolframi ikageuka chumvi inayoyeyuka majini, bati likabaki. Baadaye ikaja sumaku yenye nguvu, ambayo huivuta wolframiti na kuiacha kasiteriti. Takataka ya jana ikawa mali. Mtaalamu wa vyuma Mushet akaichanganya katika chuma cha pua cha kukatia vyuma vingine mwaka 1868, na kwa kuwa wolframi huyeyuka kwenye nyuzijoto 3,422, kuliko metali zote, ikafaa kwa nyuzi za taa. Katika Vita Kuu ya Pili, Ureno, nchi isiyofungamana na upande wowote, iliwauzia wolframi Waingereza na Wajerumani pia, hadi ilipositisha biashara hiyo Juni 1944.

Kwetu Maziwa Makuu, jiwe hili liko katika ukanda unaopita Rwanda, kusini-magharibi mwa Uganda na Kivu. Takriban miaka milioni 1,000 iliyopita, maji ya moto kutoka kwenye matale yalipenya nyufa za miamba na kuacha mishipa ya kwatzi. Inapendeza kuona kwamba Nyakabingo na Gifurwe nchini Rwanda, na Nyamuliro kule Kigezi, Uganda, wolframiti imelala katika miamba myeusi yenye kaboni. Kampuni za Wabelgiji ziliingia Rwanda miaka ya 1930 zikifuata hasa bati. SOMIRWA, iliyoundwa mwaka 1973 kuunganisha migodi, ilifilisika mwaka 1985, na wachimbaji wadogo wakaendelea kwa sululu na karai. Kazi yao ni ngumu kuliko inavyodhaniwa: wolframiti huvunjika kirahisi, na unga wake mwembamba huchukuliwa na maji licha ya uzito wote ule.

Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayozitaka kampuni zieleze kama bati, tantali, wolframi na dhahabu zao zimetoka Kongo au kwa majirani zake. Tangu hapo gunia la wolframiti lisilo na lebo ya asili yake limekuwa gumu kupata mnunuzi halali.