Mbiru ni nini? Sheria ya kodi iliyowashusha Wapare hadi Same

Sheria za kodi za wakati wa ukoloni zilichapwa kwa Kijerumani na baadaye Kiingereza. Leo nakala za awali ni adimu. Ukipata kuzisoma, utaona kurasa chache tu za vifungu. Lakini huku kwetu Upareni, vifungu hivyo viliwafanya watu waache mashamba yao. Tunawaeleza kwa kifupi.

Kodi ilianzaje?

Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Waingereza wakaleta Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa ya 1922, kisha Sheria ya Kodi ya Wenyeji ya 1934. Machifu, ambao Wapare waliwaita wafumwa, nao walipewa mamlaka ya utawala wa wenyeji kwa sheria ya 1926.

Mbiru ilitokea wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, utawala wa wilaya ya Pare uliongeza kodi nyingine juu ya ile ya kawaida. Ukaiita mbiru, jina la ushuru wa jadi waliopelekewa watawala wa zamani. Jina lilikuwa la nyumbani, mambo yalikuwa mapya. Kila mwanamume alikadiriwa kwa mali yake: mifugo, mazao, kahawa.

Wananchi walikataa nini?

Hawakukataa kulipa. Walikuwa tayari hata kiwango cha kodi ya kawaida kipandishwe, mradi kiwe kimoja kwa wote. Walichokataa ni makadirio. Nani anahesabu, na kwa kipimo gani? Jirani wawili wenye migomba sawa wangeweza kutozwa tofauti.

Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko kwa muda mrefu. Wanawake nao waliingia katika mapambano. Walidai kwamba kama serikali inawazuia waume zao huko chini, basi mkuu wa wilaya awe mume wao. Hatimaye mbiru ikafutwa.

Tunajuaje haya?

Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mzaliwa wa Upareni, aliandika kitabu kuhusu mbiru kilichotoka mwaka 1971. Sheria iliyochapwa hutuonyesha serikali ilitaka nini. Wazee hutueleza ilivyopokelewa. Tukipoteza kimoja, habari inabaki nusu.

Kwa hiyo tunawaomba wasikilizaji wetu wa Usangi, Ugweno, Mbaga, Gonja na kwingineko: mkikuta stakabadhi ya kodi ya zamani kwenye sanduku la babu, msiitupe wala kuwashia moto. Iwekeni mahali pakavu, mbali na mchwa. Na babu au bibi akiwa bado yupo, mketi naye, mmuulize.