Agosti Mbili: Nairobi 1998, Minneapolis 2007

Maelfu ya magari huvuka Mto Mississippi kila siku kwa daraja la I-35W, karibu kabisa na Chuo Kikuu cha Minnesota. Daraja hilo ni jipya: lilifunguliwa Septemba 18, 2008. Lile la zamani lilianguka Agosti 1, 2007, saa kumi na mbili jioni, watu wakitoka kazini. Watu 13 walikufa na 145 wakajeruhiwa.

Miaka tisa kabla ya hapo, Agosti 7, 1998, mabomu yalilipua balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam karibu kwa wakati mmoja. Nairobi walikufa watu 213, wengi wao Wakenya, na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam walikufa 11. Lile lilikuwa shambulio, hili la Minneapolis lilikuwa ajali. Hata hivyo, misiba hii miwili inatufundisha jambo moja: kuwa na kanuni ya usalama si sawa na kuwa salama.

Tuanze na Nairobi. Mwaka 1985, baada ya mashambulio ya Beirut, tume iliyoongozwa na Admirali Bobby Inman ilipendekeza balozi za Marekani zijengwe mbali na barabara, kiasi cha futi 100, yaani mita 30 hivi. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa katikati ya jiji, penye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, ukigusana karibu na majirani zake. Majengo ya zamani yalikuwa yamesamehewa sharti la umbali. Balozi Prudence Bushnell aliomba jengo jipya, akieleza hatari hiyo, lakini hakupewa. Bomu lilipolipuka nyuma ya ubalozi, jengo la jirani, Ufundi House, liliporomoka. Msamaha ulitolewa Washington, na waliolipa ni makarani, wanafunzi na wapita njia wa Nairobi.

Minneapolis hali ilikuwa tofauti. Daraja la zamani lilifunguliwa Novemba 1967. Mwezi uliofuata, Silver Bridge la West Virginia lilianguka na kuua watu 46, na msiba huo ndio uliozaa kanuni za taifa za kukagua madaraja. Daraja letu lilikaguliwa kwa mujibu wa kanuni hizo, na tangu 1993 lilikaguliwa kila mwaka. Wakaguzi walitafuta kutu na nyufa, wakaziona, wakaziandika.

Chanzo kikuu cha kuanguka hakikuwa kutu wala nyufa. Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, uliokamilika Novemba 2008, ulionyesha kwamba mabamba ya chuma yanayounganisha mihimili yalikosewa tangu kwenye michoro: unene wake ulikuwa nusu ya uliohitajika. Siku ile mchanga, kokoto na mashine za ukarabati vilikuwa vimerundikwa juu ya daraja, na bamba likashindwa. Picha za 1999 na 2003 zilionyesha mabamba yaliyopinda, lakini ukaguzi haukudai mtu arudie hesabu ya mhandisi wa kwanza.

Kwa hiyo kanuni hushindwa kwa njia mbili. Nairobi kanuni ilijulikana ikawekwa kando. Minneapolis kanuni ilifuatwa, lakini iliuliza swali lisilo sahihi. Njia hii ya pili ni ngumu zaidi kuigundua, kwa sababu makaratasi yote yamejazwa na kila mtu anaamini amefanya kazi yake.

Baada ya misiba, mambo yalibadilika. Mwaka 1999 Bunge la Marekani liliingiza umbali wa futi 100 katika sheria. Mwaka 2008 bunge la Minnesota lilipandisha kodi ya petroli kwa ajili ya barabara na madaraja, likipita kura ya turufu ya gavana. Wahandisi nao walitakiwa kupima nguvu za mabamba, si hali yake tu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Historia hii inaongeza sharti: ufa uzibwe, na msingi nao upimwe upya. Leo Nairobi ina bustani ya kumbukumbu pale ubalozi uliposimama, na Minneapolis ina nguzo 13 kando ya mto. Anayepita hapo aulize ni msamaha gani unaotolewa leo, na nani atakuwa barabarani siku utakapodaiwa.