Picha Bila Sauti: Miongo Mitatu ya Mtumba wa Umeme Chang'ombe

Vituo vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, aliyenunua seti iliyokwisha kutumika Uingereza aliiwasha sebuleni kwake Chang'ombe, Dar es Salaam, akaona watu wanafungua midomo bila kusikika. Picha safi, sauti hakuna. Na seti haikuwa mbovu. Uingereza, mawimbi ya sauti ya televisheni yalikaa megahezi 6 juu ya yale ya picha. Bara tulichukua mfumo wenye tofauti ya megahezi 5.5. Zanzibar, iliyotutangulia kwa miaka kama ishirini na kuanza moja kwa moja na televisheni ya rangi, ilikuwa imefuata kipimo cha Uingereza. Kwa hiyo televisheni iliyozungumza Unguja iligeuka bubu ikishavuka maji.

Dawa ilikuwa kichujio cha sauti, kipande chenye miguu mitatu kisichozidi ukubwa wa ukucha. Fundi alifungua mgongo wa seti, akayeyusha risasi, akang'oa cha megahezi 6, akaweka cha 5.5, kisha akageuza koili taratibu mpaka mkwaruzo ukaisha na sauti ya mtangazaji ikatoka. Ni kazi ya muda mfupi kwa anayeijua. Asiyeijua alibaki na sinema ya kimya.

Kwa macho yangu, historia ya vifaa vya bei ya chini katika mji huu ni historia ya kazi ya namna hiyo. Kila kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine, kwenye umeme mwingine na mawimbi mengine, na tofauti ya bei aliyoifurahia mnunuzi kuna mtu aliyeilipia kwa maarifa yake.

Kabla ya mtumba kulikuwa na kipya cha hapa hapa. Kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda katika miaka ya 1960, ikatoa redio na betri za National. Jengo la Redio Tanzania Dar es Salaam nalo lilikuwa kwenye barabara hiyo hiyo. Mtu alinunua redio moja, akaivalisha kitambaa kilichodariziwa, akaiweka juu ya kabati, na ikaisha pamoja na ujana wake. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilimaliza akiba ya fedha za kigeni, maduka yakawa matupu, na ilipofika 1984 Serikali iliruhusu mwenye fedha zake nje ya nchi alete bidhaa bila kuulizwa alizipataje fedha hizo. Mwaka uliofuata akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa. Redio kaseti, deki na televisheni za chogo zikaanza kushuka, mpya kwa wenye nazo, zilizotumika kwa sisi wengine.

Mafundi walikuwa tayari. Chuo cha ufundi stadi cha Chang'ombe, ambacho sasa kila mtu anakiita VETA, kilitoa vijana waliojua kusoma mchoro wa saketi, na vijana hao wakafundisha wengine kwenye vibanda vya Temeke na Tandika. Walichokutana nacho hakikuwa katika mtaala wowote. Kifaa cha Japani kinataka volti 100, ukutani kwetu kuna 230: ukichomeka bila transfoma ya kushusha umeme, unasikia mlio mmoja na harufu. Redio yenye saa kutoka Marekani, ikihesabu muda kwa mizunguko 60 ya umeme wa kwao, ilipewa mizunguko 50 ya kwetu ikachelewa dakika 10 kila saa. Mtumba wa Uingereza ulipendwa kwa sababu inayoeleweka: plagi yao ya miguu mitatu ndiyo yetu, na umeme wao unalingana na wetu. Ni urithi wa ukoloni uliofaa kwa jambo moja angalau.

Redio za magari ya Japani ni mfano ambao bado unaishi. Nyingi za zamani zinakamata megahezi 76 hadi 90 tu. Ndani ya gari kama hilo unapata East Africa Radio kwenye 88.1, Clouds kwenye 88.5 na Wasafi kwenye 88.9. EFM iliyo 93.7 huisikii, wala Times iliyo 100.5, mpaka ufungiwe kifaa cha kusogeza mawimbi. Wapo madereva ambao ladha yao ya muziki iliamuliwa Yokohama.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na chogo likahitaji king'amuzi. Hapo pia njia ilipatikana: waya wa rangi tatu nyuma, na maisha yakaendelea. Lakini chogo lilipokufa, kioo chake kilibaki na risasi ndani, na kanuni za taka za umeme na elektroniki zilikuja mwaka 2021, wakati mengi yalikwisha kupondwapondwa na vijana wanaotafuta shaba. Hilo linaniuma. Tuliwaachia watoto wa watu kuchoma nyaya kwa moto wa wazi huku tukijadili bei.

Leo mtumba ni simu. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia, na wengi waliopoteza kitochi chao cha bei poa wakageukia simu halisi zilizotumika. Betri iliyochoka fundi anabadilisha. Kioo kilichopasuka anabadilisha. Ila iPhone iliyofungwa kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza haifunguki kwa chuma cha kuyeyushia risasi. Inaishia kukatwa spea. Na WhatsApp ilipoacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5.0, Oktoba 2023, simu zilizokuwa nzima kabisa zililetwa vibandani, mafundi wakazifungua, wakakuta hakuna kilichoungua.